Wananchi na Usimamizi wa Vyanzo vya Maji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila jumuiya ya watumia maji inapoundwa, inapoyumba au inapotaka kufufuliwa. Mengi yanahusu mahali popote penye mto, kisima au mfereji wa pamoja. Pale sheria inapohitajika, mifano imetolewa Tanzania na Kenya.

## Mambo ya msingi

Kusimamia rasilimali za maji kuna tofauti gani na huduma ya maji ya bomba?

Huduma ya maji ni kumfikishia mtu maji: bomba, kioski, mita, bili. Usimamizi wa rasilimali unaanza mbali zaidi, kwenye chanzo chenyewe. Nani achukue maji mtoni au chini ya ardhi, kiasi gani, msimu upi, nani aachiwe yake, na chanzo kilindwe vipi ili mwakani kuwe na cha kugawana.

Watu huvichanganya hivi viwili kwa sababu vyote vina kamati, mwenyekiti na mweka hazina. Nchini Tanzania vinasimama juu ya sheria mbili tofauti. Jumuiya za watumia maji zinatokana na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009 na ziko chini ya bodi za maji za mabonde, ambayo ni tisa nchi nzima. Vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinatokana na Sheria Na. 5 ya 2019 na kusimamiwa na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini. Kenya nayo inatenganisha: Sheria ya Maji ya 2016 inazitambua jumuiya za watumia rasilimali za maji, zile zinazojulikana kama WRUA, kuwa chombo cha ushirikiano na cha kutatua migogoro katika kidakio kidogo, yaani eneo linalokusanya maji ya kijito kimoja. Kuuza maji kwenye mabomba ni kazi ya wengine.

Kwa hiyo ukiwa na lalamiko, jiulize kwanza: tatizo ni bomba langu halitoi, au ni mto umekauka kabla ya kufika kwenye tangi? Ofisi ya kwenda inategemea jibu hilo.

Kwa nini wananchi wahusishwe? Si kazi ya wataalamu?

Sababu ya kwanza haina nadharia yoyote: hakuna ofisi ya bonde yenye watumishi wa kukesha kwenye kila banio, kile kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji mferejini. Mfereji hufunguliwa usiku, mtu akiwa na jembe tu. Anayeweza kumwona ni jirani yake, na jirani huyo atasema au atanyamaza kulingana na kama kanuni ile anaiona yake au ya mgeni.

Ya pili imechunguzwa kwa miaka mingi. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alilinganisha mifumo ya pamoja ya misitu, uvuvi na umwagiliaji katika nchi nyingi, kisha akaeleza mambo manane yanayojirudia katika ile iliyodumu. Miongoni mwayo: mipaka inayojulikana, kanuni zinazolingana na mazingira ya mahali, watumiaji kuwa na sauti katika kuzibadili kanuni hizo, wakaguzi wanaowajibika kwao, adhabu zinazoanza ndogo na kupanda, na serikali kutowaingilia katika haki yao ya kujipanga.

Kimataifa jambo hili lilipewa nafasi katika kanuni nne za mkutano wa maji wa Dublin, Ireland, za mwaka 1992, na leo lengo la 6.b la Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa linataja ushiriki wa jamii katika maji waziwazi. Ila mkulima wa chini ya mfereji hahitaji kuambiwa habari za Dublin ili aone faida ya kuwa na sauti.

Je, hili ni jambo geni lililoletwa na wafadhili?

Hapana. Kilichokuja na wafadhili ni fomu. Milima ya Upare ina ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu, na wazee wake walikuwa na utaratibu wa zamu hizo kabla ya sheria yoyote ya maji kuandikwa. Wachaga wamechimba na kutunza mifereji ya Kilimanjaro kwa karne nyingi.

Kwingine ni vivyo hivyo. Valencia, Uhispania, ina baraza la maji ambalo wakulima huchagua wajumbe wake wenyewe. Hukutana kila Alhamisi saa sita mchana mlangoni pa kanisa kuu, kesi zote kwa mdomo. Kisiwa cha Bali kina vyama vya umwagiliaji viitwavyo subak, vinavyopanga zamu za maji pamoja na hekalu. Uholanzi bodi za maji zimekuwapo tangu karne ya 13. Sasa ni 21, zinachaguliwa kwa kura na zinatoza kodi yake zenyewe. Hili la kodi likumbuke, litarudi kwenye sehemu ya fedha.

Kushirikishwa si ndiyo kuitwa mkutanoni?

Kuitwa ni hatua ya chini. Mwaka 1969 mwandishi wa Marekani Sherry Arnstein alichora ngazi yenye vidato vinane vya ushiriki: chini kabisa ni kuwahadaa watu, katikati ni kuwapasha habari na kuwauliza maoni, juu ni ubia, kukabidhiwa mamlaka na wananchi kushika hatamu. Mikutano mingi ya maji ninayoifahamu iko kidato cha tatu au cha nne: mtaalamu anaeleza, watu wanauliza, karatasi ya mahudhurio inazunguka, soda zinagawiwa.

Kipimo changu ni rahisi. Tafuta uamuzi mmoja wa mwaka uliopita uliobadilika kwa sababu wananchi walisema. Ukiukosa, hapo hapana ushiriki, pana mahudhurio.

## Kuanzisha jumuiya

Mipaka iwe ya kijiji au ya mto?

Ya maji. Mto haujui mipaka ya kata. Jumuiya ikifuata kijiji, walio juu na walio chini wanabaki katika vyombo viwili visivyokutana, na mgogoro ni kati yao hasa. Fuata kidakio, yaani eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye kijito kimoja, kisha hakikisha kila kijiji kilichomo kina wajumbe.

Serikali za vijiji zisiachwe nje. Ndizo zenye sheria ndogo, mgambo na baraza la usuluhishi. Jumuiya isiyo na uhusiano nazo haina meno.

Nani awe mwanachama?

Kila anayechukua maji au anayeweza kuyaharibu. Kosa la kawaida ni kuandikisha wakulima wa mifereji peke yao kwa kuwa ndio wanaoonekana. Wafugaji wanaopita msimu wa kiangazi, wachoma matofali, wavuvi, shule yenye kisima, mradi wa maji wa mji ulio chini, shamba kubwa lenye pampu: wote wanagusa chanzo kilekile. Mfugaji asiye na kiti mkutanoni ataleta ng'ombe mtoni bila kujua mlango wa kunyweshea ulipangwa wapi, na kesho yake ataitwa mvunja sheria.

Wanawake wako kwenye kamati lakini hawasemi. Tufanyeje?

Anza na saa na mahali. Mkutano wa saa tatu asubuhi, kilomita tano kutoka nyumbani, umeshawachagua watakaohudhuria. Pili, angalia uanachama unafungwa na nini. Ukifungwa na hati ya shamba, na hati ziko kwa majina ya waume, wanawake watakuwa wageni waalikwa hata wakijaza viti. Andikisha mtumiaji, si mwenye hati. Tatu, wape nafasi zenye kazi, kama mweka hazina au mtunza daftari la zamu. Ujumbe mtupu haumpi mtu neno.

Lakini usidhani kila asiyekuja ameonewa. Utafiti uliofanywa kwenye mfumo wa umwagiliaji wa Chhattis Mauja nchini Nepal ulikuta wanawake wasio wanachama wakipata maji ya kutosha na kuikwepa kazi ya kusafisha mfereji, kwa sababu kanuni za chama hazikuwafika. Kujiunga kungewaongezea mzigo. Waulize wanataka nini kabla ya kuhesabu vichwa.

Inachukua muda gani?

Kusajili ni miezi. Kuwa jumuiya ni miaka.

Ufilipino, mamlaka ya umwagiliaji ya taifa ilianza mwaka 1976 kupeleka waratibu wakaishi na wakulima kabla ya ujenzi, ili kikundi kiwe kimeshajipanga wakati mhandisi anachora ramani, na wakulima waweze kumwambia mfereji upite wapi. Jimbo la Andhra Pradesh nchini India lilifanya kinyume chake: sheria ilipitishwa mwaka 1997, na vyama zaidi ya 10,000 vikaundwa kwa mkupuo na uchaguzi ukafanyika mwaka uleule. Ulikuwa ujasiri mkubwa wa kisiasa, ila vingi vilibaki kuwa njia ya kupitishia fedha za ukarabati. Mimi niko upande wa Ufilipino, japo najua mratibu wa kuishi kijijini mwaka mzima ndiye wa kwanza kufutwa bajeti inapobana.

Katiba iseme nini?

Katiba nyingi hunakiliwa kutoka kwenye kielelezo, jina la mto likabadilishwa. Kielelezo si kibaya kwa vifungu vya usajili. Ila mambo manne lazima yaandikwe na wenyewe, kwa maneno yao: zamu inahesabiwaje kiangazi, maji yakipungua nani anapunguziwa kwanza, faini ni ngapi kwa kosa la kwanza, la pili na la tatu, na kiongozi anaondolewaje. Hilo la mwisho ndilo huachwa wazi, na ndilo huua jumuiya (tazama swali la jumuiya iliyotekwa, chini).

## Kujenga uwezo

Kujenga uwezo si ndiyo semina?

Semina ya siku tatu hotelini humjengea uwezo mtu mmoja, na mtu huyo mara nyingi ni mwenyekiti yuleyule. Uwezo wa jumuiya unakaa sehemu tatu: kwa watu wenye ujuzi, kwenye chombo chenye kumbukumbu na taratibu, na kwenye mazingira ya kisheria yanayokiruhusu kuamua. Ukifundisha watu kisha chombo kikakosa daftari, ujuzi utaondoka nao uchaguzi ujao. Na hata watu na daftari vikiwapo, kama bodi ya bonde haijatoa kibali au haijibu barua, watu watachoka.

Vitu vinavyostahili kufundishwa kwanza ni vya kawaida mno kuvutia mfadhili: kuandika muhtasari wa kikao, kutunza vitabu vya fedha, kuendesha kikao cha usuluhishi, kupima maji. Elimu ya uhamasishaji ije baadaye. Mtu ambaye mpunga wake umenyauka kwa kukosa zamu ameshahamasika.

Je, mwanakijiji anaweza kupima maji ya mto bila mashine?

Anaweza, na ni vizuri ajue, kwa sababu ubishi mwingi unakwisha namba ikiwekwa mezani. Chagua sehemu ya mto iliyonyooka. Pima urefu wa mita 10 ukingoni, tupa kitu kinachoelea, chungwa hufaa, kisha hesabu sekunde linazotumia. Rudia mara kadhaa upate wastani. Pima upana wa mto na kina chake sehemu tano au sita, upate wastani wa kina.

Tuseme upana ni mita 2, kina mita 0.4, na chungwa limetumia sekunde 20. Kasi ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha: 2 × 0.4 × 0.5 ni mita za ujazo 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, hivyo punguza kwa kuzidisha na 0.85 hivi. Unapata 0.34, yaani lita 340 kwa sekunde. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kuonyesha kuwa vibali vilivyotolewa vinazidi maji yaliyopo.

Ukitaka kumbukumbu ya kila siku, omba ofisi ya bonde isimike ubao wa kupimia kina, na mtu mmoja aandike namba asubuhi na jioni. Daftari moja libaki kijijini, nakala iende ofisini. Data inayoondoka yote bila nakala hairudi.

Kwa wasiojua kusoma, mambo haya yanafundishwaje?

Kwa kuonyesha. Katika bonde la Usangu, kusini mwa Tanzania, mtafiti Bruce Lankford alitengeneza mchezo wa ubao ulioinamishwa wenye mchoro wa mto. Gololi ndizo maji, na vijiti ndivyo mabanio. Wachezaji wanaweka vijiti kuvuta gololi kwenye mashamba yao. Ndani ya muda mfupi, walio chini wanaona hawapati kitu, walio juu wanaona wamelundika kuliko wanavyohitaji, na mjadala unaanza wenyewe. Mkulima aliyekaa upande wa chini wa ubao kwa nusu saa anajifunza jambo ambalo hotuba haimpi.

Na serikali? Mbona uwezo unajengwa kwa wananchi tu?

Swali zuri kuliko yote hapa. Mhandisi aliyesomea mabwawa hakufundishwa kusuluhisha, kusikiliza mzee anayezunguka mada, wala kusema "hilo nyinyi mnalijua zaidi". Afisa wa bonde anahitaji mafunzo hayo, pamoja na mafuta ya gari ya kufika kwenye mikutano aliyoahidi. Kuna pia la mamlaka: kukabidhi wananchi kazi ya kulinda chanzo huku uamuzi wa vibali ukibaki ofisini ni kuwapa mzigo bila mkono wa kuubebea.

## Fedha

Pesa zitoke wapi?

Kwa wanachama kwanza: kiingilio, ada ya mwaka, faini. Ni kidogo, lakini ndizo zinazowafanya waulize maswali. Sheria ya Tanzania inairuhusu jumuiya kushika kibali cha kutumia maji kwa niaba ya wanachama wake na kukusanya ada kwa niaba ya bodi ya bonde. Zungumzeni mapema sehemu gani ya makusanyo itabaki kwa jumuiya, na iandikwe. Ulinzi wa chanzo unawafaidi pia mji, kiwanda na bwawa la umeme vilivyo chini, kwa hiyo si haki gharama yote ibebwe na walio milimani. Hapo ndipo mfano wa Uholanzi una somo: bodi zao zimedumu kwa kuwa na mapato yake zenyewe, bila kungoja mradi.

Mfadhili ana nafasi kwenye vitu vya mara moja, kama banio la zege au ubao wa kupimia. Mshahara wa katibu usitoke kwake.

Watu hawaji kikaoni bila posho. Tuwalipe?

Nauli na chakula kwa anayetoka mbali ni haki yake. Posho ya kukaa kikao cha jumuiya yako mwenyewe ni sumu, kwa sababu siku mradi ukiisha, vikao vinaisha. Kama watu hawaji, huenda kikao hakiamui chochote. Kikao cha kupanga zamu za kiangazi hakikosi watu.

## Migogoro na hali ngumu

Walio juu wanachukua maji yote. Tunaanzia wapi?

Anza na vipimo (tazama swali la kupima), kwa sababu mara nyingine wa juu nao hawajui wanachukua kiasi gani. Mto Ruaha Mkuu wa Tanzania ni mfano mzito: tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi katika Hifadhi ya Ruaha, wakati juu yake kuna mashamba ya mpunga ya Usangu na ardhi oevu ya Ihefu, na chini yake mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Hakuna upande mmoja unaoweza kulimaliza jambo kama hilo.

Zamu ya siku hufanya kazi kuliko kugawa lita. Siku ya wa chini, mabanio ya juu yanafungwa na mjumbe wa chini anapanda kushuhudia. Kila mtu anaweza kukagua kalenda.

Mwekezaji mkubwa ana kibali chake. Tunaweza kumgusa?

Kibali kinaonyesha kiasi, mahali na masharti. Omba kuyaona masharti hayo ofisi ya bonde, pimeni anachochukua, peleka tofauti kwa maandishi kupitia jumuiya, si kama mtu mmoja. Mkaribishe pia awe mwanachama wa kura moja kama wengine. Ukubwa wa pampu usinunue kura.

Jumuiya imetekwa na watu wachache. Inafufuliwaje?

Dalili ni hizi: mkutano mkuu haujaitishwa, daftari la fedha liko nyumbani kwa mtu, na faini zinawapata maskini tu. Msingoje mwenyekiti aitishe kikao. Tumieni kifungu cha katiba cha wanachama kuitisha mkutano wenyewe. Kama hakipo, mwandikieni ofisa wa bonde au serikali ya kijiji aitishe. Ajenda iwe mbili tu, hesabu na uchaguzi. Hesabu zisomwe kwa sauti, kisha zibandikwe ukutani.

Maji yetu ni ya visima. Hakuna mto wa kugawana.

Kuna mto, ila hauonekani, na hilo ndilo linaloleta shida: kila mwenye pampu anadhani anavuta yake. Andhra Pradesh ileile ilikuwa na mradi ambamo wakulima walipima mvua na kina cha maji visimani, kisha kabla ya msimu wa kupanda wakakaa na kukokotoa maji yaliyopo dhidi ya mazao waliyokusudia. Hawakuamrishwa na mtu kuacha mpunga. Waliiona namba, na wengi wakachagua mazao yanayokunywa kidogo. Kamba yenye jiwe, mkanda wa kupimia na daftari vinatosha kuanzia.

Na mto unaovuka mpaka wa nchi?

Jumuiya haiwezi kutia saini mkataba, lakini inaweza kuzungumza. Mto Mara unatoka Kenya na kuingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Tangu 2012 nchi mbili zimekuwa zikiadhimisha Siku ya Mara kila tarehe 15 Septemba. Kilicho muhimu zaidi ya sherehe ni jumuiya za pande zote kupashana habari: mvua kubwa imenyesha juu, banio jipya limejengwa, samaki wameelea wamekufa. Namba ya simu ya katibu mwenzako ng'ambo inatumika leo. Barua kati ya wizara huchukua msimu mzima.